Steringi Alipokaa Nyuma ya Kamera

Tuliokulia Tanga miaka ya themanini tulikuwa na kanuni moja ya sinema isiyopingwa: steringi hafi. Atapigwa risasi, ataburutwa na farasi, atafungiwa kwenye nyumba inayoungua, lakini picha ikielekea mwisho atatokeza kwenye vumbi na kofia yake kichwani. Kaka zangu wakirudi kutoka Majestic walitusimulia picha nzima barazani, mbio za farasi wakizipiga kwa viganja mapajani. Kauboi wao namba moja alikuwa yule mrefu wa macho ya kukunja, kisigara pembeni ya mdomo, asiyesema sana. Jina lake kila mmoja alilitamka kivyake. Mimi nilikuja kulishika ukubwani, tena kwa njia nyingine kabisa. Nilikuwa nimeshaanza kuigiza, nikawa naangalia filamu zisizo na farasi hata mmoja, zinanikaa moyoni wiki nzima, na mwishoni nakuta muongozaji ni Clint Eastwood. Huyohuyo wa kaka zangu.

Nami nimepita njia hiyo, kwa kipimo cha kwetu. Niliigiza miaka mingi ndipo nikaongoza, na sijawahi kukaa darasa la uongozaji. Watu wakimzungumzia mzee yule huanza na bastola au na tuzo. Mimi nitaanza na kelele, maana hapo ndipo aliponifaa.

Nilipoingia kwenye michezo ya runinga Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 2000, televisheni ilikuwa bado ngeni Tanzania Bara. ITV ilianza 1994. Vikundi vilijaa vijana, kamera ilikuwa moja, na muongozaji ulimtambua kwa sauti. "Kimyaaa! Tayari! Kamera! Akshen!" Hiyo ya mwisho ilitolewa kwa nguvu zote za kifua, na mwigizaji aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kujisikia mjane, ujane wote ulimtoka.

Kuna sini moja ya kofi, kipande kimoja cha mchezo, ambayo bado ninayo kwenye kanda. Mimi ni mke, mume anarudi amelewa, ananilaumu kwa habari za mtaani, ananipiga, nadondokea kochi. Nyumba ilikuwa ya kuazima, Sinza, dirisha la sebuleni linatazama barabara. Muongozaji alitaka kofi la kweli, lisikike. Likapigwa, muuza kahawa akapita akigonga vikombe vyake. Kati! Yaani kamera izimwe. Tukarudia, konda akapita akiita Kariakoo. Kati! Tukarudia. Shavu langu likawa la moto, na yule kaka aliyeigiza mume akawa ananiomba radhi kwa macho kabla hajaniinulia mkono. Teki, yaani rudio, iliyoingia hewani ni ile ambayo mtaa ulinyamaza, na ukiitazama vizuri utaona mabega yangu yanapanda kabla mkono wake haujanyanyuka. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima asiyejua lolote kuhusu kamera, aliniuliza baada ya kipindi, "Mwanangu, ulijuaje kama atakupiga?" Swali hilo lilinifundisha uigizaji kuliko warsha zote nilizowahi kuhudhuria.

Sasa mchukue Eastwood. Kuanzia 1959 hadi 1965 alikuwa mchunga ng'ombe Rowdy Yates kwenye Rawhide, mfululizo wa televisheni ya CBS ya Marekani, vipindi zaidi ya 200, karibu vyote juu ya farasi. Farasi hajui kusoma skripti. Ukimpigia kelele ya akshen, anaruka, anazunguka, mwingine anatimua mbio na mwigizaji mgongoni. Eastwood aliliona hilo miaka na miaka, akafikia hitimisho ambalo ni rahisi hadi unajiuliza kwa nini wengine hawakulifikia: binadamu naye ana mishipa ya fahamu. Alipokuja kuongoza mwenyewe akaacha kupiga kelele. Anawaambia waigizaji kwa sauti ya chini kwamba wakiwa tayari waanze, na sini ikiisha anasema tu inatosha. Wasaidizi wake huzungumza kwa visikizi vya masikioni, kimyakimya, kama walinzi wa rais. Waliofanya naye kazi wanasimulia kwamba wakati mwingine kamera huwa inazunguka nao wanadhani bado ni mazoezi.

Yapo mengi ya kumsifia, lakini kwangu hili ndilo mzizi. Mtu aliyekaa mbele ya kamera muda mrefu aliondoa kilichokuwa kinamkera, kimoja baada ya kingine, mpaka mwigizaji akabaki na mwenzake tu.

Kuna filamu yake moja ambayo huwa nawapa vijana wangu waitazame kwa ajili ya hili, White Hunter Black Heart ya mwaka 1990, iliyopigwa Zimbabwe. Anaigiza muongozaji aliyechorwa kwa mfano wa John Huston, yule aliyekuja Kongo na Uganda kutengeneza The African Queen iliyotoka 1951. Muongozaji huyo kelele anazo, maneno anayo, dharau anayo, na badala ya kupiga picha anahangaika kutafuta tembo wa kumwua. Mwishoni tembo anamwua mwelekezi wake Mwafrika, Kivu. Jamaa anarudi kijijini, anakaa kwenye kiti chake, kila mtu anamsubiri, na neno "akshen" linamtoka kwa shida, limekatika, kama vile halina haki ya kutamkwa. Filamu haikufanya biashara. Lakini mimi naiona ni ungamo la fani nzima: unaona mtu mwenye kiti anavyoweza kuwaumiza watu kwa ajili ya jambo lake binafsi.

Kukifikia kiti hicho kulimchukua muda. Studio ya Universal walimpa mkataba 1954, akatokea kwenye vipande vidogovidogo bila hata jina kuandikwa, kisha wakamwacha. Akachimba mabwawa ya kuogelea kupata riziki. Kwenye Rawhide aliomba aongoze kipindi kimoja, akakubaliwa, halafu wenye televisheni wakabadili mawazo. Akaishia kutengeneza matangazo ya kipindi. Wengi wangenuna. Yeye, mwaka 1964, wakati wa mapumziko ya mfululizo, alikwenda Uhispania kuigiza filamu ya Mtaliano Sergio Leone kwa dola 15,000, A Fistful of Dollars. Leone hakujua Kiingereza, yeye hakujua Kitaliano, kila mwigizaji akisema lugha yake, sauti zikiwekwa baadaye studio. Sisi tuliozoea kusikiliza picha kupitia watafsiri wa vibandani kama Lufufu hatuoni ajabu.

Huko ndiko alikofanya jambo ambalo waigizaji wetu hawalipendi. Alipunguza maneno yake mwenyewe. Skripti ilimpa mhusika maelezo marefu ya kwa nini yuko vile, akamwomba Leone yakatwe. Kwetu, mwigizaji akipewa skripti anahesabu mistari. Mimi pia nilikuwa nahesabu, maana mistari ilikuwa ndiyo heshima, na mara nyingine ndiyo malipo. Ukija kukaa na mhariri usiku, jenereta inanguruma nje, ndipo unapoona kwamba kati ya mistari yote ile kilichobeba sini ni pale dada alipotazama sufuria halafu akalifunika.

Mwaka 1967 alianzisha kampuni yake, Malpaso, na 1971 akaongoza filamu yake ya kwanza, Play Misty for Me. Nitasimama hapa kidogo, kwa sababu ndugu zangu wengi wanaohama kutoka kuigiza kwenda kuongoza huanza na picha kubwa: vita, harusi ya kifahari, safari ya Dubai. Yeye alianza na mtangazaji wa redio anayeandamwa na mwanamke, na akaipigia Carmel, mji mdogo wa pwani ya California alikokuwa anakaa (wakazi wake ndio waliomchagua kuwa meya wao, 1986 hadi 1988). Bajeti haikufika dola milioni moja, ambayo kwa Hollywood ilikuwa pesa ndogo. Na kuna baa kwenye picha hiyo; mhudumu wake ni Don Siegel, muongozaji aliyemwongoza mara kadhaa, ambaye mwaka huohuo walitoa Dirty Harry. Yaani siku anaanza uongozaji, mwalimu wake alikuwa kwenye seti, upande wa pili wa kaunta, naye hana la kufanya isipokuwa kumimina vinywaji.

Mimi yangu ya kwanza niliipiga kwenye nyumba mbili za Mbagala zinazotazamana, za watu ninaowajua, na wenye nyumba nikawapa sehemu za kuigiza ili wasitulalamikie kuhusu umeme. Msambazaji mmoja wa Kariakoo aliniambia irefushwe iwe Sehemu ya Kwanza na ya Pili, ndivyo ilivyokuwa wakati wa DVD, hadithi moja ikatwe mara mbili ili mteja anunue diski mbili. Nikakataa kurefusha, naye akakataa kununua. Diski nilizozidurufu mwenyewe nyingine bado zimo kabatini.

Nirudi kwenye ile kanuni ya barazani. Mwigizaji anapogeuka muongozaji, uso wake mwenyewe ni mtaji, na watu wanaujua hata kabla hajafungua mdomo. Eastwood alikuwa ameshaujenga huo uso kwa miaka: asiyekosa shabaha, asiyejuta. Mwanzoni mwa miaka ya themanini akanunua skripti ya David Webb Peoples kuhusu muuaji mzee aliyestaafu anayefuga nguruwe. Akaiweka. Akaiweka miaka mingi, mpaka alipokuwa na umri wa huyo mzee kweli. Unforgiven ilitoka 1992 akiwa na miaka 62. Mwanzoni anashindwa kupanda farasi wake, anadondoka kwenye matope ya nguruwe mbele ya watoto wake. Bastola inamkosesha kopo lililo mbele yake, anaingia ndani kuchukua bunduki kubwa. Mtu mwingine yeyote akiigiza hivyo ni mzee tu anayedondoka. Akidondoka yeye, tunadondoka na picha zote tulizowahi kumwona. Ilipata Oscar nne, ikiwemo ya filamu bora na ya muongozaji bora, na mwishoni imeandikwa ni kwa ajili ya Sergio na Don. Leone alikuwa amefariki 1989, Siegel 1991.

Halafu Gran Torino, 2008. Mzee mkorofi, mjane, mbaguzi kwa majirani zake Wahmong, wahamiaji wenye asili ya Asia, anaishia kuwapenda. Wahuni wanawaumiza wale majirani. Sote tunajua kitakachofuata. Tumelipa kiingilio kwa ajili hiyo. Anakwenda hadi kwenye nyumba yao usiku, anasimama uani, anaingiza mkono kwenye koti, nao wanammiminia risasi. Mkononi alikuwa na kiberiti cha sigara. Hana silaha. Nilimpelekea kaka yangu mkubwa ile picha Tanga, tukaitazama sebuleni kwake, na ilipofika pale akageuka kunitazama mimi, si televisheni. "Wamemwua steringi?" Nikamwambia, "Kajiua mwenyewe, kaka, yeye ndiye muongozaji." Hakuipenda. Anasema mpaka leo kwamba ile picha ni nzuri lakini imekosewa mwisho.

Kwenye tuzo kuna jambo ambalo linanifurahisha kuliko idadi ya sanamu. Eastwood hajawahi kupata Oscar ya uigizaji. Aliteuliwa kwa Unforgiven na kwa Million Dollar Baby ya 2004, akakosa zote mbili. Lakini waigizaji aliowaongoza yeye wamezipata: Gene Hackman, Sean Penn, Tim Robbins, Hilary Swank, Morgan Freeman. Na kabla yao Forest Whitaker alichukua tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa, mwaka 1988 kwa filamu ya Bird. Huyo ndiye aliyekuja Uganda miaka ya baadaye akawa Idi Amin kwenye The Last King of Scotland, tukamsikia akijitahidi na Kiswahili. Mwigizaji kumpisha mwigizaji si kitu kidogo. Sisi wenye fani tunajua wivu unavyokaa hapa, chini ya koo, mwenzako anapoua sini nawe ndiye uliyempangia taa.

Si kwamba namkubali kwa kila kitu. Kasi yake nina mashaka nayo. Anajulikana kwa teki moja, mbili, basi, na picha kumalizika kabla ya muda. Matt Damon amesimulia hadharani walipokuwa wanapiga Invictus, iliyotoka 2009, jinsi alivyofanyia kazi lafudhi ya Afrika Kusini kwa miezi, akafanya teki ya kwanza, akaomba ya pili. Mzee akamuuliza kama anataka kupoteza muda wa watu. Inachekesha ukiwa wewe ni Matt Damon. Kwa binti wa Temeke anayesimama mbele ya kamera mara ya kwanza maishani, jibu hilo linaweza kumfunga mdomo moja kwa moja. Kwangu teki ya pili ni haki ya mwigizaji, sihitaji kuombwa. Ya tatu tunajadiliana.

Na kuna yule mtoto wa plastiki. American Sniper, 2014: Bradley Cooper amempakata mtoto mchanga, na mtoto ni mwanasesere, unaona kabisa Cooper anautikisa mkono wake kwa kidole gumba. Mwandishi wa skripti alieleza kwamba mtoto mmoja aliamka na homa, wa akiba hakutokea, kazi ikaendelea. Dunia nzima ilicheka, na filamu ikaingiza zaidi ya dola milioni 500. Sisi huku tunafunga mto kwenye kitenge na mama anageuzia kamera mgongo. Hatuna hela, lakini hilo tumemshinda.

Jingine ni la uchungu zaidi. The Outlaw Josey Wales ya 1976 ilianza na muongozaji mwingine, Philip Kaufman, aliyekuwa ameshaiandaa. Eastwood, steringi na mwenye kampuni, akamwondoa, akakaa yeye. Chama cha waongozaji cha Marekani kikatunga sheria ya kuzuia jambo hilo lisirudiwe, na watu wa huko bado wanaiita kwa jina lake. Mwenye nguvu kwenye seti ni mwenye nguvu, hata akizungumza kwa upole. Nawaambia vijana wasije wakadhani sauti ya chini ni sawasawa na unyenyekevu.

Kilichompa miaka yote hii, ukiondoa afya, ni kwamba hakuwa mzigo kwa mwenye pesa, na hakubadilisha watu ovyo. Mhariri Joel Cox alikuwa naye kwa miongo kadhaa. Mbunifu wa mandhari Henry Bumstead alimfanyia kazi mpaka akiwa na miaka zaidi ya tisini. Watu waliozoeana hawahitaji kupigiana kelele. Kimya kile kinatoka hapo pia. Kwetu timu inavunjika kila picha ikiisha, kwa sababu ya ahadi za malipo. Mpiga picha anakudai, anakwenda kwa mwingine, naye anamdai. Tasnia yetu ilijengwa na waigizaji waliojigeuza kuwa kila kitu: Steven Kanumba alikuwa na kampuni yake na alikuwa anaandaa picha akiwa bado kijana, akafariki Aprili 2012 na miaka 28. Eastwood akiwa na 28 ndiyo kwanza alikuwa anaanza Rawhide.

Kwa hiyo mimi nimechukua nini? Mwaka jana tulikuwa tunashuti sini ya msiba Bagamoyo. Mama mmoja wa siku nyingi kwenye maigizo, ambaye mimi nilimkuta nikiwa binti, alikuwa anaigiza mama wa marehemu. Skripti ilikuwa imempa kilio na maneno. Tulipokuwa tunapanga taa alikaa kwenye mkeka, akaanza kukunja khanga moja ya marehemu, akaikunja, hakuridhika na pindo, akaikunjua, akaikunja upya kwa kuinyoosha juu ya paja. Nilimgusa mpiga picha begani. Taa nyekundu ya mbele ya kamera huwa tunaiziba kwa plasta tangu asubuhi. Nikanyoosha kiganja kuwazuia waliokuwa wanapita, kijana wa maiki akashusha mti wake taratibu. Yule mama akanusa ile khanga, akaiweka pembeni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya, njooni mnifundishe kulia." Aliposikia tumeshamaliza alinikasirikia. "Wewe mtoto, sijapaka hata wanja!" Kisha akataka kuiona, akaitazama kimya kwenye kioo cha kamera, akanirudishia. Wanja hakuudai tena.

Kijana anayenihariria alitaka maneno ya kilio yabaki, anasema watazamaji wa simuni wanapenda. Tulibishana siku mbili tatu. Yamekatwa.

Eastwood alitoa Juror #2 mwaka 2024, na miaka 94, na Marekani kwenyewe iliwekwa kwenye majumba yasiyofika hamsini. Mimi sasa ninatafuta bibi wa kuigiza muuza samaki wa soko la Deep Sea, Tanga, mwanamke asiyeongea sana. Juzi nimempigia yule mama wa khanga. "Shikamoo mama." "Marahaba. Mistari mingapi?" Nikamwambia michache sana. Akanyamaza kidogo. "Na hela, siku hiyohiyo au za ahadi?" Nikamwambia siku hiyohiyo, jioni, kabla hajapanda gari. Akasema nimtumie nauli.